Nondo Aliyesubiri Jina

Shemeji yangu ni mtu wa kushukuru mpaka unachoka. Ukimpa chai, asante. Ukimwambia chai yenyewe haina sukari, asante kwa kumwambia. Mimi ni msusi, nimeshika vichwa vya watu wa kila namna, wanaolia, wanaosengenya na wanaosinzia, na sijapata kuona binadamu mwenye shukrani nyingi namna hiyo kwa mambo madogo namna hiyo. Namsimulia hapa kwa sababu mwenyewe hatajisimulia, na kwa sababu nina asante yangu kwake ambayo sijamaliza kuitoa.

Alimuoa dada yangu mkubwa nikiwa bado nasoma. Siku alipokuja nyumbani kwa mara ya kwanza, baba alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwa sauti yake ile ndogo kwamba yuko kwenye nondo. Baba akachangamka. Nyumba yake ilikuwa imesimama kwenye linta, haijaezekwa, muda mrefu, akaanza hapo hapo kuulizia bei ya jumla. Ikabidi shemeji aeleze kwamba si nondo za chuma, ni hawa wadudu wenye mabawa wanaozunguka taa. Baba akamtazama dada. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ndoa ilifungwa hata hivyo, na linta ikaendelea kukaa vile vile.

Alifanya kazi kwenye jumba la makumbusho, si huku mbele kwenye mifupa na vyungu ambako watoto wa shule hupiga kelele, bali nyuma, kwenye chumba kirefu chenye makabati ya droo kutoka sakafuni hadi darini. Chumba kinanuka nafthalini, zile tufe nyeupe za kufukuza wadudu kabatini, na shemeji naye alinuka nafthalini, hata shati likitoka kwenye pasi. Wenzake walimwita Mzee Kibano, maana kibano chake hakikukosekana mfukoni mwa shati. Hata mezani kwangu nimewahi kumwona akikitoa, akanyofoa kipande cha ganda la yai kwenye sahani yake, akakifuta, akakirudisha. Kisha akanishukuru kwa yai.

Nondo wenyewe usidhani ni wale wakubwa wenye macho ya kuchora mabawani. Hawa ni vijidudu, punje ya mchele inawazidi, rangi ya vumbi. Ukimkuta mmoja ukutani unamfuta kwa kidole bila kukatiza maneno yako. Yeye aliwatandaza mabawa kwenye kibao, kwa pini nyembamba kama unywele, kisha akawatenga ukoo kwa ukoo.

Siku moja nilimtania kwamba analipwa kwa kupanga uchafu. Hakukasirika, huwa hakasiriki, na hilo nalo hunikera. Aliniambia, "Shemeji, wewe ukiona vichwa viwili vyeusi, unajua kipi kitashika rasta na kipi kitaachia kesho. Mimi ninachoona ni vichwa viwili vyeusi tu." Akanieleza koo zake mbili zilizomsumbua maisha yake yote. Vitabuni zina majina marefu yanayomtaka mtu apumzike katikati, lakini mle chumbani waliziita Majivu na Makapi. Kwa nje huwezi kuzitenga. Mabawa yale yale, madoa yale yale. Ukitazama kwa hadubini, Majivu ana vipembe viwili mdomoni vilivyopinda kwenda juu, na dume lake ana kulabu kwenye ncha ya tumbo. Makapi vipembe vyake vimenyooka mbele, na nchani kwa tumbo ana kitu kama kitana. Bawa linadanganya, alisema, lakini kichwa na tumbo vikisema neno moja, unaweza kuamini.

Hawakujaliwa mtoto, yeye na dada. Dada hakuwa mtu wa kulia lia juu ya hilo, ila mara moja, nikimpaka rangi kucha, aliniambia, "Unajua kinachoniuma? Jina langu halina pa kwenda." Nilimwambia aache maneno ya ovyo. Nikampaka mkono wa pili.

Halafu dada akaugua figo. Hapo ndipo nilipomjua yule mwanaume. Alimwomba mkubwa wake ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, akakubaliwa, akaleta hadubini ndogo, vibao na visanduku vyake, akavipanga kwenye meza ya kulia, mlango wa chumba cha dada ukiwa wazi ili waonane. Alimwogesha. Alimpika uji, akaupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, akamnywesha. Mashuka aliyapiga pasi mwenyewe, eti mkunjo unamuumiza mgongo. Ndugu zetu wa damu walikuja, wakakaa pembeni ya kitanda na mikoba mapajani, wakaondoka. Yeye alibaki, na kila dada alipomeza dawa alimwambia asante, kana kwamba dawa ile alikuwa anammezea yeye. Dada naye, siku akiwa na nguvu, aliinuka, akafuta vumbi, akampangia vitu vyake mezani. Nilimwambia alale. Akaniambia, "Mwache mgonjwa naye afanye kazi, asije akasahaulika."

Katika miezi hiyo ndipo shemeji alipompata nondo wa habari hii.

Alikuwa mmoja kati ya waliokamatwa kwenye shuka jeupe na taa, kule kwenye kipande cha msitu nyuma ya matangi ya maji. Alimtandaza nyumbani kama wengine. Asubuhi moja alimweka chini ya hadubini, akaona vipembe vimepinda juu: Majivu. Akachukua brashi ya unywele mmoja, akapangusa vumbi kwenye ncha ya tumbo, akaona kitana: Makapi. Akatazama tena na tena. Kichwa cha ukoo mmoja, tumbo la ukoo mwingine. Kwa watu wa kazi ile, hiyo maana yake ni ukoo wa tatu ambao hakuna aliyewahi kuuona, uliosimama katikati ya hizo mbili. Alikwenda chumbani akiwa bado ameshika brashi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa namchana dada nywele.

"Mke wangu," alisema, "nimempata mmoja ambaye hana kwao. Nikihakikisha, nitampa jina lako."

Dada akamtazama. "Awe na adabu, lakini," akasema. Kisha akageuza uso ukutani, nikaona kwenye shavu kwamba anatabasamu.

Dada alifariki kabla ya mvua zilizofuata.

Kutoa jina si kusema tu. Lazima mdudu akatwe tumbo, liloweshwe, lifunguliwe, lichorwe, na maelezo yachapishwe wenzako wote duniani wasome. Shemeji hakuthubutu kumkata. Alikuwa mmoja tu, na kisu kikiteleza basi. Akasema atasubiri apate wa pili. Kila mvua zikianza alitundika shuka lake mahali pale pale nyuma ya matangi, na kila mara alirudi na Majivu na Makapi wa kawaida. Yule mmoja alikaa kwenye kisanduku chake peke yake, juu ya kabati, bila jina. Miaka ikaenda. Macho ya shemeji yakaingia ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, na daktari wa macho akataka sukari yake itulie kwanza ndipo ampasue. Akastaafu. Chumba akakiachia binti aliyemfundisha kazi tangu binti huyo akiwa hajui kushika pini, ambaye sasa amesoma akafika mwisho na watu wote wanamwita Daktari.

Ni Daktari aliyemshawishi. Alimwambia, "Baba, wa pili haji. Tumkate huyu huyu, tumpe jina ungali hai." Shemeji alifikiri wiki nzima. Mwishowe alimkabidhi kisanduku kwa mikono miwili, na kuniambia mimi kwamba sasa dada yangu anakwenda kuandikwa. Nilishona nguo kwa ajili ya siku hiyo. Ndiyo, kwa ajili ya mdudu. Nani angenicheka?

Basi siku moja mchana Daktari akaingia saluni kwangu, akakaa kwenye kiti, asitake kusukwa. Mikono ameibana magotini.

"Mama mdogo," alisema, "kuna tatizo, na sijui nimwambieje Baba."

Nikaacha kitana.

Alieleza polepole. Alipolishika tumbo la nondo ili alivunje, halikuvunjika kama linavyovunjika tumbo la mdudu. Lilibanduka. Lilikuwa limegandishwa kwa gundi, chini ya manyoya ambako jicho halifiki. Nondo wale ni wadogo na wakikauka matumbo hudondoka, na kanuni ya kwanza ya chumba kile, ambayo shemeji aliwafundisha wote, ni kwamba kilichodondoka hakigandishwi. Kinawekwa kwenye ganda tupu la kidonge cha dawa, ganda linachomwa kwenye pini ya mdudu mwenyewe, kwa sababu ukigandisha unaweza kumpa mtu tumbo lisilo lake. Na hilo ndilo lililotokea. Kichwa cha Majivu kamili, tumbo la Makapi kamili. Ukoo wa tatu haupo. Haujawahi kuwepo.

"Funika," nilimwambia.

"Mama mdogo..."

"Funika nakwambia! Rudishia gundi, andika jina, chapisha. Kale kadudu nani atakajua?"

"Mimi nitajua."

"Na wewe si uko upande wetu?"

"Ndiyo maana nimekuja hapa kwanza," alisema, akaanza kulia. Kumbe lilikuwepo baya zaidi. Nondo yule hakupita mkononi mwa mtu mwingine. Aliwekwa pini, akatandazwa na kuhifadhiwa na Mzee Kibano peke yake. Wakubwa wakisikia habari ya gundi, watauliza swali moja tu: kama aligandisha huyu ili apate jina, droo zake nyingine je? Maisha yake yote yamo kwenye droo zile.

Nilipandwa na mori. Nilimuuliza kama anamwita shemeji yangu mwongo, tena mbele ya wateja wangu. Alisema hamwiti chochote, yeye ameona gundi. Mteja mmoja aliyekuwa kwenye kikaushio alitoa kichwa nje ili asikie vizuri. Nikafunga saluni, nikamwacha huyo mteja na shangazi yake aliyemsindikiza wamalizane na rola nje, nikamwambia Daktari, "Twende. Utamwambia nikiwa nimesimama pale."

Shemeji alikuwa tayari chumbani kule. Alikuwa na kawaida ya kwenda kukaa na makabati yake. Alisikia viatu vyangu, akanisalimia kabla sijafika. Daktari alimwambia yote akiwa amesimama wima kama mwanafunzi. Hakupamba, hakuficha. Nitampa haki yake, ilikuwa kazi ngumu na aliifanya kwa heshima.

Shemeji akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, ingawa siku hizi haimsaidii lolote.

"Sikugandisha," alisema.

"Sijasema umegandisha, Baba."

"Sikugandisha, mwanangu. Lakini kama gundi ipo, basi ipo. Asante kwa kuniambia kabla haijachapishwa."

Hiyo asante ndiyo iliyonimaliza. Mtu ananyang'anywa kitu alichokingoja miaka yote, na heshima yake inaning'inia, halafu anashukuru! Nikamsogeza Daktari kwa bega, nikakaa mbele ya hadubini yake. "Nionyesheni hiyo gundi," nilisema. "Nataka kuona kitu kinachomfanya mzee wa watu aitwe mwongo."

Daktari alinirekebishia kioo. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha kikatokea kitu kama gunia la manyoya, kikubwa, kinang'aa, sikuamini kwamba ndicho kile kijidudu. Na pale kwenye mdomo wa gunia, palipobandukia, niliona tone. Halikuwa la gundi. Lilikuwa jekundu, jekundu lenye weusi kwa ndani na chembe za kumeta.

Watu wanatenga nondo, mimi natenga rangi za kucha. Nyekundu ziko nyingi na mteja ukimpa isiyo yake atakurudishia mkono. Ile niliiita komamanga. Ilikuja dukani msimu mmoja tu, watu hawakuipenda, wakasema inazeesha mikono. Aliyeipenda alikuwa mmoja, na chupa zilizobaki zote nilimpa yeye. Nikakumbuka na siku, akiwa amekonda, vidole vyake mkononi mwangu, anachungulia chupa: "Hivi hii inashika kitu kidogo? Kidogo sana?" Nikamjibu inashika hata ndoa ya mtu. Tukacheka, na sikuuliza anataka kushika nini.

Niliinua kichwa. "Ni dada," nilisema. "Shemeji, ni dada. Hii ni rangi ya kucha zake."

Shemeji akaweka kiganja mezani, taratibu, kama mtu anayetafuta ukingo wa meza gizani.

"Siku niliyokwenda kupanga foleni ya dawa," alisema. "Nilikuwa nimemkata Makapi mmoja tumbo, nikaliacha kwenye karatasi nije kuliloweka. Niliporudi halikuwepo. Nilitafuta mpaka chini ya zulia. Nikasema limechukuliwa na upepo. Yeye alikuwa amefuta vumbi. Huyu Majivu atakuwa alidondosha tumbo lake, likapotea. Akaona mdudu hana tumbo, na tumbo liko kwenye karatasi. Akanisaidia."

"Mbona hakusema?" Daktari aliuliza.

"Angesemaje? Mimi nilirudi na dawa, ana maumivu, tukashughulikia maumivu. Kesho yake atakuwa ameshasahau." Akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka miwani ikamshuka puani. "Miaka yote hii natundika shuka msituni namtafuta wa pili! Kumbe fundi wake nilikuwa naye nyumbani. Usione vyaelea, Shemeji, vimeundwa!"

Alicheka mpaka akalia, na mimi nililia bila kucheka, na Daktari sijui alifanya lipi. Aliposhika pumzi alisema, "Mgonjwa hawezi kusimama vizuri, halafu anagandisha tumbo la nondo bila kuvunja mguu hata mmoja. Wanafunzi wangu wazima hawawezi. Asante, mke wangu." Aliisema ile asante akitazama mezani, kwa sauti aliyokuwa akimpa nayo dawa.

Mimi nilikuwa na la kwangu la kumwambia na nikalisema pale pale, maana sijui kungoja. Nilimwambia asante kwa uji. Asante kwa mashuka. Nilimwambia dada yangu aliondoka akiwa msafi, nywele zimechanwa na kucha zimepakwa, na kwamba mimi ndugu yake wa damu nisingeweza hata nusu ya aliyoyafanya yeye. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akatoa kibano mfukoni, akakifuta, akakirudisha.

Ikabaki kazi. Jina lilifutwa, Daktari alichana karatasi za maelezo ya ukoo mpya mbele yetu, na shemeji ndiye aliyemwambia achane. Nondo alirudishwa kwao, kichwa na mabawa kwenye droo ya Majivu, tumbo ndani ya ganda la kidonge kwenye droo ya Makapi. Basi nikadhani tumemaliza, nikaanza kutafuta mkoba wangu.

"Bado kibandiko," Daktari alisema.

Akanieleza kwamba kila mdudu mle ndani ana vikaratasi kwenye pini yake: alipatikana wapi, nani alimkamata, nani alimtandaza, nani alimkata. Mkono wowote uliomfanyia kazi lazima uandikwe, ukiwa umefanya vizuri au vibaya, na vikaratasi hivyo havitolewi kamwe. Atakayekuja kuvuta droo ile, hata sisi sote tukiwa hatupo, atavisoma. Alimtazama shemeji. "Huyu ana mkono ambao haujaandikwa."

Shemeji alisimama. Sijui kwa nini alisimama.

Daktari alikata kikaratasi kigumu kisichozidi ukucha wangu wa kidole cha mwisho, akatoa kalamu nyembamba. Nikaichukua. Kazi yangu ni kuchora maua kwenye kucha za maharusi wasiotulia. Mkono wangu hautikisiki hata nikiwa na machozi. Niliandika chini ya kioo, herufi moja moja: tumbo liligandishwa na. Kisha nikaandika jina la dada.

"Umeliandika lote?" shemeji aliuliza. "Na la baba yenu?"

"Lote."

Alikisogeza kikaratasi karibu na jicho moja, kisha jingine, akanirudishia. "Nisomee."

Nikamsomea.

"Soma tena, Shemeji," alisema.

Nikasoma tena.